Namna ya Kuwa Mchekeshaji wa Redio, Mwaka 1932

Ukitaka kuwa mchekeshaji wa redio nchini Marekani, jambo la kwanza ni kuzaliwa mapema. Mwaka 1894 unafaa sana. Ndio mwaka aliozaliwa Jack Benny, tarehe 14 Februari, na ndio mwaka aliozaliwa Fred Allen, tarehe 31 Mei, na hao wawili ndio walimu wa mwongozo huu. Redio itakapoanza kuwasaka wachekeshaji, mnamo 1932, utakuwa na miaka 38, na nusu ya miaka hiyo umeimalizia jukwaani. Usidhani umechelewa. Kazi hii haikuwafaa vijana.

Nusu hiyo ya umri itumie kwenye vodevili, yale maonyesho ya mchanganyiko yaliyokuwa yakizunguka kumbi za Marekani kabla sinema haijaanza kusema. Anaingia mwimbaji, wanaingia mbwa waliofunzwa, wanaingia wanasarakasi, kisha unaingia wewe kwa dakika chache. Usiku unapanda treni kwenda mji mwingine kuyasema yale yale. Humo mna riziki nzuri, maana kichekesho kimoja kinaweza kukulisha miaka: watu wa mji huu hawajui uliwaambia nini watu wa mji ule. Mna na shule ambayo sijaiona kwingine. Kila usiku unakisikia kicheko kikipanda, kikifika kileleni, kikianza kushuka, nawe unajifunza kuliingiza neno la pili kabla hakijazimika chote. Ukilikosea neno hilo kwa nusu sekunde, unaliona kosa kwenye nyuso za watu wa safu ya mbele.

Afadhali uanze na ufundi mwingine kabisa. Allen alikuwa kijana mfanyakazi wa Maktaba ya Umma ya Boston alipojifunza kurusha mipira hewani na kuidaka. Mipira ilimwanguka. Akawa anasema neno kila mmoja unapoanguka, watu wakayacheka maneno kuliko walivyoishangilia mipira, na mwishowe akajitangaza kuwa mrusha mipira mbovu kuliko wote duniani. Benny alishikishwa fidla akiwa na miaka sita huko Waukegan, mji mdogo kaskazini ya Chicago, na baba yake, mhamiaji wa Kiyahudi aliyeishi kwa biashara ndogo, alitumaini kupata mwanamuziki mkubwa ndani ya nyumba. Kijana akaishia kupiga kwenye ukumbi wa vodevili wa pale mjini. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa kwenye kambi ya wanamaji ya Great Lakes, akasimama kuwatumbuiza wenzake, wakamzomea. Akaishusha fidla, akaanza kuzungumza nao, wakacheka. Kuanzia hapo fidla ikawa kitu cha kushikwa zaidi kuliko kupigwa, na kila aliyemwona ameishika bila kuipiga alijua tayari kwamba kuna jambo.

Jina lako usilipende mno. Benny alizaliwa Benjamin Kubelsky, lakini kulikuwa na mpiga fidla maarufu wa Kicheki, Jan Kubelík, ambaye hakutaka kufanana na mtu wa vodevili. Akajiita Ben K. Benny, akalalamika Ben Bernie, kiongozi wa bendi. Ndipo akachukua Jack, jina ambalo wanamaji waliitana wao kwa wao. Allen naye alizaliwa John Florence Sullivan. Watu walioitwa majina mawili matatu kabla ya kufika walipokwenda walikuwa wengi katika kazi ile, hasa wana wa wahamiaji, na sioni cha kuwacheka. Waliyakata majina yao ili yatoshe kwenye ubao wa mlangoni.

Sasa umefika 1932. Mdororo mkubwa wa uchumi umewaacha watu bila nauli ya kwenda ukumbini, na hata Palace ya New York, ukumbi ambao kila mtu wa vodevili aliota kuukanyaga, unageukia filamu. Nyumbani kuna redio, na ukishainunua burudani yake hailipiwi. Mwezi Machi Benny alialikwa kwenye kipindi cha Ed Sullivan, mwandishi wa safu gazetini, na tarehe 2 Mei akaanza kipindi chake mwenyewe kwenye mtandao wa NBC, mara mbili kwa wiki, kwa fedha za Canada Dry, watengenezaji wa soda ya tangawizi. Kazi yake ilikuwa kusema maneno kidogo kati ya wimbo na wimbo.

Hapa ndipo wengi waliotoka vodevili walipoteketea. Kile kichekesho kilichokulisha miaka saba kinasikika nchi nzima Jumatatu usiku, na Jumanne asubuhi hakina kazi tena, kila mtu anacho. Ukiwa na vichekesho vya dakika kumi na tano, wewe ni mtu wa robo saa moja. Baada ya hapo kipindi kinarudi, kinarudi tena, na mdhamini hataki kusikia kwamba umechoka.

Kwa hiyo tafuta mwandishi, umlipe vizuri, tena umlipe kabla hujanunua gari. Benny alimchukua Harry Conn, na jambo walilolibuni pamoja ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote mengine humu. Waliona kwamba vichekesho vinakwisha lakini watu hawaishi. Badala ya kutafuta mizaha mipya arobaini kila wiki, walitengeneza kundi la watu wenye tabia zao, wakawaweka chumbani, wakaacha tabia zigongane. Kipindi kikawa ni kipindi kuhusu watu wanaotengeneza kipindi: mchekeshaji, mtangazaji wake, mwimbaji wake, kiongozi wa bendi, msichana anayemsuta. Leo televisheni za nchi nyingi zimejaa mtindo huo na wengi hawajui ulitokea wapi.

Conn na Benny waliachana 1936. Wakaja Ed Beloin na Bill Morrow, na kuanzia 1943 wakaja wanne, Sam Perrin, Milt Josefsberg, George Balzer na John Tackaberry, waliokaa naye miaka mingi. Yeye alikaa nao mezani akisikiliza, akikata, akibishania neno moja, na waliofanya kazi naye walimsifu kwanza kama mhariri. Allen alikuwa kinyume. Alikuwa na wasaidizi, mmoja wao Herman Wouk aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa wa riwaya, lakini sehemu kubwa aliiandika kwa mkono wake, baada ya kusoma lundo la magazeti kila siku. Maandishi ya Allen yana ncha kali kuliko ya Benny, na ninayapenda. Lakini yalimla. Alikuwa na shinikizo la damu, na mwaka 1954 alipoandika kitabu kuhusu miaka yake ya redio alikipa jina linalofananisha kazi ile na kutembea juu ya mashine isiyofika popote. Ukiniuliza ufuate njia ya nani, nitakwambia ya Benny, bila kusita.

Ukishampata mwandishi, chagua kasoro. Hili lifanye kwa makini, maana kasoro utakayoichagua utazeeka nayo. Usichague kasoro inayowaumiza wengine. Chagua zile ambazo kila msikilizaji anazijua kwa shemeji yake. Benny alichagua ubahili: mkono wa birika wa kupitiliza, mwenye chumba cha fedha chini ya nyumba na mlinzi aliyesahaulika humo. Akachagua majivuno, hasa kuhusu macho yake ya buluu. Akachagua kupiga fidla vibaya, ilhali alijua kuipiga. Akachagua gari kuukuu la Maxwell ambalo halikufaa hata kuuzwa. Na akachagua kuwa na miaka 39, mwaka baada ya mwaka, mpaka uzeeni. Katika maisha ya kawaida alikuwa mtu mkarimu na mwajiri aliyelipa vizuri, na inasemekana aliacha bakshishi kubwa mno hotelini kwa kuogopa wahudumu wasije wakaamini wanayoyasikia redioni.

Faida ya kasoro haionekani mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza unamwambia msikilizaji kwamba mtu huyu ni bahili, anacheka kidogo. Mwaka wa tano unamsikilizisha mlio wa sarafu moja ikianguka sakafuni, na kabla hujasema neno amekwisha kucheka, kwa sababu sehemu kubwa ya kichekesho anayo yeye kichwani. Umeiweka humo taratibu, Jumapili kwa Jumapili. Mwishoni mwa 1945 kipindi kiliwaalika wasikilizaji waandike kwa nini hawawezi kumvumilia Jack Benny, kwa zawadi ya hati za dhamana za dola 10,000. Zikaja barua mamia ya maelfu. Jaji mmojawapo alikuwa Fred Allen.

Baada ya hapo, gawa vicheko. Sijui namna ya kulisema hili kwa nguvu inayostahili, kwa sababu kila mtu anayepanda jukwaani amepanda ili achekwe yeye, ashangiliwe yeye, na kumwambia ampe mwingine neno zuri ni kumwambia atoe mkate kinywani. Lakini tazama. Sadie Marks, aliyekuwa muuzaji wa soksi dukani kabla Benny hajamwoa mwaka 1927, aliingizwa kipindini 1932 kama msichana mpenda mashairi aitwaye Mary Livingstone, na kazi yake kubwa ikawa kumkata Benny maneno. Don Wilson, mtangazaji, alikuwa mnene na mchangamfu. Phil Harris wa bendi alikuwa mlevi asiyejua kusoma noti. Dennis Day, aliyeanza 1939, alikuwa kijana mjinga ambaye ujinga wake ulimshinda mwajiri kila mara. Hawa wote walipewa maneno ya kuvunja mbavu. Benny alibaki na maneno ya kuulizia, na mguno, na kuduwaa. Imani yake ilikuwa kwamba Jumatatu asubuhi watu hawatasema walimsikia Harris au Day. Watasema walisikiliza kipindi cha Benny.

George Burns aliligundua hilo kabla yake, tena kwa usiku mmoja. Alipoanza na Gracie Allen kwenye vodevili alijiandikia yeye vichekesho vyote, akampa Gracie maswali tu. Watu wakayacheka maswali, wakayanyamazia majibu. Burns akageuza karatasi, akampa Gracie vichekesho, akabaki akivuta sigara yake na kuuliza. Wakaingia redioni 1932, mwaka ule ule, na miaka minane baadaye Gracie akatangaza kwa mzaha kugombea urais wa Marekani, nchi nzima ikafuatana naye.

Kuna mtu mmoja katika kundi la Benny ambaye lazima nimkalie. Eddie Anderson alizaliwa Oakland, California, mwaka 1905, na sauti yake ya kukwaruza, husimuliwa, aliipata utotoni kwa kupiga kelele akiuza magazeti. Machi 1937 aliitwa kuigiza mhudumu wa treni kwa kipindi kimoja. Wasikilizaji wakamtaka tena, akarudishwa, na mwaka huo huo akawa Rochester, mtumishi wa nyumbani kwa Benny: Mmarekani Mweusi wa kwanza kuwa na nafasi ya kudumu katika kipindi kikubwa cha redio cha nchi nzima. Wakati huo kipindi kilichokuwa kimetangulia kwa umaarufu, Amos 'n' Andy, kiliigizwa na Wazungu wawili, Freeman Gosden na Charles Correll, waliojifanya Weusi kwa sauti, na gazeti la Weusi la Pittsburgh Courier lilikuwa limekusanya saini za kukipinga tangu 1931.

Rochester wa miaka ya mwanzo naye aliandikiwa mizaha ya kamari, pombe na uvivu, ile ile iliyokuwa ikitupiwa Weusi kila mahali. Hiyo haitetewi. Lakini ndani ya mizaha hiyo kulikuwa na jambo jingine lililokua: Rochester alimjua mwajiri wake kuliko mwajiri alivyojijua, alimjibu bila woga, na katika mabishano yao ya simu karibu kila mara yeye ndiye aliyeshinda. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia na maangamizi ya Wayahudi, Benny na waandishi wake waliiondoa mizaha ya rangi. Mwaka 1950 waliitumia tena hati ya zamani bila kuipepeta vya kutosha, na wasikilizaji wakaandika kulalamika kwa hasira. Mchekeshaji wa redio, basi, awe na kumbukumbu ya hati zake za zamani na azisome upya kwa macho ya mwaka huu. Kicheko cha juzi kinaweza kuwa tusi leo, na aliyebadilika ni msikilizaji, ambaye ana haki hiyo.

Tuje kwenye mdhamini, kwa kuwa ndiye mwenye kipindi. Katika miaka hiyo kampuni ya bidhaa na wakala wake wa matangazo ndio walionunua saa, wakaajiri mchekeshaji, wakasimamia hati. Mtandao ulikodisha njia tu. Benny alianza kuitania soda ya Canada Dry hewani, na kampuni haikumbakiza. Ikamchukua Chevrolet, ikafuata kampuni ya matairi, na mwaka 1934 Jell-O, unga wa kitindamlo cha jeli, ambayo ilikubali kutaniwa. Ilifanya vizuri. Watu ambao wangetoka chumbani wakati wa tangazo walibaki, kwa kuwa tangazo lilikuwa limefumwa ndani ya kichekesho na Don Wilson alikuwa akilichomeka mahali ambapo Benny hakulitaka. Ubia huo ulidumu hadi 1942, sukari ilipoadimika kwa sababu ya vita na kampuni ikamhamishia kwenye nafaka za Grape-Nuts. Kuanzia 1944 akatangazia sigara za Lucky Strike. Mdhamini asiyetaka kuguswa, mkatae ikiwa tumbo linakuruhusu.

Utatangaza moja kwa moja, bila kurekodi, maana mitandao ya NBC na CBS haikutaka vipindi vya santuri. Na kwa kuwa pwani ya mashariki imeitangulia ya magharibi kwa saa tatu, vipindi vingi vilitolewa mara mbili usiku mmoja: unawachekesha watu wa New York, unakula, unarudi kusema yale yale kwa ajili ya California huku ukijifanya umeshtuka upya. Hali ilianza kulegea 1946, mwimbaji Bing Crosby alipopata mtandao wa ABC uliomruhusu kurekodi.

Ingiza watu studioni. Ed Wynn, aliyeanza na Texaco mwaka ule wa 1932, alishindwa kuchekesha chumba kitupu, akadai hadhira, akawa anapanda mbele ya kipaza sauti na mavazi yake ya jukwaani na rangi usoni, mambo ambayo msikilizaji wa nyumbani hakuyaona. Alikuwa sahihi. Msikilizaji aliye peke yake jikoni anahitaji kusikia wengine wakicheka ndipo ajue ameruhusiwa.

Lakini usimsahau huyo wa jikoni, kwa sababu yeye ndiye anayejenga nyumba yako. Edgar Bergen alikuwa mtu wa kusemesha sanamu, ufundi ambao thamani yake yote ni kwamba watu wanakutazama midomo na haichezi. Mwaka 1937 akapewa kipindi kikubwa redioni na sanamu yake Charlie McCarthy, mahali ambapo hakuna anayeona mdomo wa mtu, na kikawa miongoni mwa vipindi vilivyosikilizwa kuliko vyote. Watu walimwona Charlie vizuri kuliko wangemwona ukumbini. Katika kipindi cha Fibber McGee and Molly kulikuwa na kabati ambalo likifunguliwa vyombo vyote vilimwagika. Fundi wa sauti alimwaga makopo na mabuli kwa mpangilio, kisha mwishoni kengele ndogo. Kila nyumba Marekani ililijua kabati hilo na kila nyumba ililijaza vitu vyake. Na lile gari la Maxwell? Inasimuliwa kwamba siku moja sauti iliyorekodiwa haikutoka, mwigizaji wa sauti Mel Blanc akakisogelea kipaza sauti, akakohoa, akapiga chafya, akatetemeka, akazima. Tangu hapo gari likawa Blanc.

Nimefika kwenye kimya, na hapa nitakaa kidogo.

Redioni kimya ni hitilafu. Mtu aliye nyumbani akisikia kimya anadhani mtambo umekatika, anasimama, anakwenda kugusa kitufe cha kutafutia stesheni, na akikigusa umempoteza. Wachekeshaji wengi walikimbia: maneno juu ya maneno, pumzi kwa shida. Bob Hope alijenga jina kubwa kwa kasi hiyo, naye aliijua kazi yake. Benny peke yake ndiye aliyethubutu kutosema kitu.

Tarehe 28 Machi 1948 Benny anarudi nyumbani usiku kwa miguu. Ameazima tuzo ya Oscar ya jirani yake mwigizaji Ronald Colman, aliyeshinda siku chache tu kabla. Anatokea jambazi, anataka fedha au uhai. Kimya. Watu studioni wanaanza kucheka. Kimya kinaendelea, kicheko kinapanda. Jambazi anarudia kwa ukali, na Benny anajibu kwa uchungu kwamba bado anafikiria. Josefsberg alisimulia baadaye jinsi jibu hilo lilivyopatikana: yeye na Tackaberry walikuwa wamekwama na swali lisilo na jibu, akamkemea mwenzake atoe wazo, na Tackaberry akamfokea kwamba anafikiria. Wakaangaliana.

Watu hupenda kutia chumvi wakisema kicheko kile kilichukua dakika nzima na zaidi. Ukisikiliza rekodi utakuta ni sekunde chache. Si urefu unaonishangaza mimi. Kinachonishangaza ni kwamba katika kimya kile hakuna aliyechekesha: jambazi ameuliza swali la kawaida la majambazi, na aliyeulizwa amenyamaza. Kila kitu kinafanyika ndani ya msikilizaji, anayemjua mtu huyu kwa miaka 16 na ambaye ndani ya kimya hicho anaiona mizani ikipanda na kushuka. Mpe mchekeshaji mgeni hati hiyo hiyo, na mtu wa jikoni atakwenda kugusa redio. Wiki chache baadaye, ndani ya kipindi, Don Wilson na mwimbaji wa opera Dorothy Kirsten walikuwa wakizungumza muziki kwa maneno ya kitaalamu. Benny akajaribu kuchangia, na Mary akamwambia tu anyamaze. Watu wakaangua kicheko kikubwa kuliko cha jambazi.

Tafuta pia adui, na awe rafiki yako. Mwishoni mwa Desemba 1936 mvulana wa miaka kumi alipiga fidla vizuri kwenye kipindi cha Allen, na Allen akasema neno kumhusu Benny ambaye hakuwepo. Benny akajibu Jumapili yake. Ugomvi ukaendelea miezi kadhaa, ukafikishwa kwenye pambano la ana kwa ana hewani tarehe 14 Machi 1937, kisha ukaendelea tena kwa miaka mingi kwa kuwa hakuna aliyetaka uishe. Kila mmoja alikuwa akiwapeleka wasikilizaji wake kwa mwenzake. Walipendana sana watu hawa.

Na wakubwa wa mtandao? Kuhusu hilo Allen ndiye mwalimu. Aliwatania makamu wa rais wa NBC miaka nenda miaka rudi, na Aprili 1947 mtandao ukamkata sauti katikati ya mzaha juu yao. Hope na mchekeshaji mwenzake Red Skelton walipoligusia tukio hilo nao wakakatwa. Nchi ikacheka, magazeti yakaandika, NBC ikasalimu amri. Benny alitumia njia nyingine: alihesabu. Sheria ya kodi ilimnyang'anya mtu wa mshahara mkubwa sehemu kubwa ya kipato, lakini aliyeuza kampuni alitozwa robo tu ya faida. William Paley wa CBS akainunua kampuni ya Benny, na Jumapili ya kwanza ya 1949 kipindi kikasikika kwenye masafa mengine, saa ile ile, na wasikilizaji wakahama naye.

Allen hakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1948 mtandao wa ABC uliweka mbele yake, saa ile ile, Stop the Music, mchezo wa kupigia watu simu majumbani na kuwapa zawadi kwa kutambua wimbo. Akajibu kwa kutoa dhamana ya dola 5,000 kwa yeyote atakayekosa zawadi kwa sababu alikuwa akimsikiliza yeye. Haikusaidia. Juni 1949 kipindi chake kikaisha, televisheni haikumfaa, na Machi 1956 alianguka akitembea barabarani New York usiku, akafariki.

Wewe televisheni iingie polepole. Benny alifanya vipindi vinne tu msimu wa kwanza, kuanzia Oktoba 1950, huku akiendelea na redio hadi Mei 1955, ili watu wapate nafasi ya kulinganisha uso wanaouona na ule walioujenga wenyewe kwa miaka 18. Na ukihama, hama na watu wako wote unaoweza kuwabeba. Harris alikuwa ameondoka 1952, na Mary, aliyeogopa kipaza sauti zaidi kila mwaka, alionekana kwa nadra. Wilson, Day, Blanc na Anderson waliingia pamoja naye, kila mmoja na kasoro yake, na hati ya kwanza ya televisheni iandike kwa kuwapa wao maneno mazuri kabla hujajiandikia lako.